Bega la Mama Bawaba

Mama Bawaba alikuwa fundi seremala, na kama wewe ni mtu wa kushangaa mwanamke kushika randa, shangaa haraka umalize, maana yeye mwenyewe hakuwa na muda na watu wa aina hiyo. Mteja mgeni aliyeingia karakana na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" alijibiwa, "Unamwangalia," kisha akasubiri mlango wake wiki mbili zaidi ya wenzake. Kazi alifundishwa na mjomba wake, ambaye hakumchukua kwa sababu ya kipaji wala nini. Alihitaji tu mtu wa kumshikia ncha ya pili ya ubao, na mpwa wake ndiye aliyekuwa karibu. Akaishika ncha ile akiwa na miaka kumi na minne. Sasa alikuwa na sitini na tisa, mjomba alishatangulia mbele ya haki zamani, na karakana ilikuwa yake: chumba kirefu cha matofali, meza mbili za kazi, dirisha moja linalofunguka na jingine lililogoma, na maranda sakafuni mpaka vifundoni.

Alitengeneza milango tu. Vitanda alikataa, makabati alikataa. "Kitanda," alisema, "mtu analala juu yake na wala hajui kimekaaje. Mlango ukikosewa unakutukana kila ukipita." Na kuutundika alitundika mwenyewe, hakumwachia mtu. Jina la Bawaba alipewa kwa ajili ya kazi hiyo, ingawa wapo waliosema, wakiwa wamesimama mbali kidogo, kwamba ni kwa sababu naye hugeuka upande mmoja tu.

Mmoja wa wasemaji hao alikuwa Msumari, fundi aliyefanya naye kazi kwa miaka ishirini na sita, mwanamume mwembamba ambaye ukimwona kwa ubavu unaweza kudhani ameondoka. Walitaniana tangu asubuhi mpaka kufunga kazi, na siku wasipotaniana majirani waliuliza nani anaumwa.

Siku Mama Bawaba alipoanguka hakuwa amebeba mlango, na hilo ndilo lililomuudhi kupita yote. Alikuwa amebeba kikombe cha chai. Mguu ukakwama kwenye kizingiti cha karakana yake mwenyewe, kizingiti alichokipiga randa kwa mikono yake, na akaenda chini kwa bega la kulia. Msumari alisikia "ta!" akadhani ubao umepasuka.

"Fundi, umevunja nini huko?"

"Kikombe," akajibu kwa hasira. Kisha akajaribu kujiinua, na mkono haukuja.

Hospitalini alipokelewa na daktari bingwa wa mifupa, kijana mfupi mwenye sauti ya chini, ya kumfanya mtu ainame ili amsikie. Akaitundika picha ya eksirei kwenye taa.

"Shikamoo, mama. Umeanguka kutoka wapi? Juu ya ngazi?"

"Marahaba. Nimeanguka kutoka kwenye miguu yangu."

"Basi mfupa wenyewe ulikuwa umechoka," akasema, na akamwonyesha. Ulivunjika vipande vitatu, juu kabisa, pale mkono unapoingia begani, na kichwa cha mfupa kilikuwa kimeinama pembeni. Akamweleza bila kumzungusha kwamba mifupa hupungua kadiri umri unavyokwenda, hasa kwa wanawake. Nje mfupa unabaki na umbo lilelile, ndani unaingia matundu. Hauumi, hautoi taarifa, mpaka siku ya siku.

"Yaani nimeliwa na mchwa," akasema Mama Bawaba.

Daktari akatabasamu kidogo. "Tuseme hivyo."

"Nitatundika mlango tena au sitatundika?"

Hakuwa na swali jingine. Binti yake, mwalimu wa chekechea, aliyekaa pembeni na mkoba mapajani, alitaka kuuliza kuhusu maumivu, chakula na usingizi, lakini mama yake alimwinulia kidole cha mkono wa kushoto, akanyamaza. Daktari naye akajibu alichoulizwa. Mkono ukifungwa kwa kitambaa shingoni tu, mfupa utaunga, ila utaunga kombo, na mkono hautapanda zaidi ya kifua. Akiwekewa kiungo cha bandia, maumivu yatakwisha, ataoga, atakula, lakini kazi ya seremala aisahau. Njia iliyobaki ni bamba la chuma na skrubu, vipande virudishwe mahali pake na vifungwe. Likishika, mkono unaweza kufika juu ya bega, na milango myepesi si ndoto.

"Na lisiposhika?"

"Skrubu zitang'oka, na tutarudi chumba cha upasuaji mara ya pili."

"Basi sitaki," akasema Mama Bawaba. "Skrubu kwenye kitu kilicholiwa haishiki. Nifunge kitambaa chako niende nyumbani."

"Mama jamani," binti akamsihi, kwa sauti anayoitumia kwa watoto waliokataa kuvaa viatu, "daktari ndiye anayejua."

"Anajua mifupa. Skrubu najua mimi."

Na alijua kweli, hapo hakuna wa kumbishia. Kwa miaka hamsini na mitano alikuwa ameng'oa skrubu zilizolegea kwenye fremu za watu, akaonyesha unga wa mbao kwenye uzi wake, ile mifereji inayozizunguka, akawagombeza wenye nyumba waliomwambia, "Tia tu ndefu zaidi, Fundi." Kwake, skrubu ilikuwa na kazi moja duniani: kuuma kile inachoingia. Kisipoumika, hakuna skrubu. Kosa lake lilikuwa hapo, na asingeweza kulifanya mtu asiyewahi kushika bisibisi.

Kesho yake, ili kumaliza ubishi, alimwagiza Msumari alete wodini kipande cha fremu kilicholiwa na mchwa, pamoja na bawaba, skrubu na bisibisi. Msumari aliingia navyo kifuani, unga ukimwagika sakafuni kila hatua, na nesi akamfuata nyuma na ufagio huku akimwambia maneno ambayo si ya kuandikwa. Daktari alipopita kuangalia wagonjwa akakabidhiwa bisibisi.

"Funga hiyo bawaba hapo, mwanangu."

Daktari akafunga skrubu tatu, kwa uangalifu, akiwa na wanafunzi wake wawili nyuma. Mama Bawaba akaishika bawaba kwa mkono wa kushoto, akaivuta, ikatoka yote kwa pigo moja, unga ukaruka mpaka kwenye shuka.

"Umeona? Bega langu hilo."

Mwingine angenuna. Huyu alikigeuza kile kipande mkononi, akachungulia matundu, akauliza kama anaweza kukiazima. Akaondoka nacho kwapani, na nesi akafagia tena.

Alirudi nacho siku iliyofuata, alasiri, kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Palepale palipong'oka bawaba palikuwa na bamba jembamba la chuma, pana kwa juu, lenye matundu mengi, na skrubu zimezama ndani yake. "Ni la kufundishia, halitumiki kwa mtu," akasema. "Vuta, mama."

Akavuta. Akakibana kipande kwa magoti, akavuta tena, akauma meno. Akamwita Msumari, aliyekuwa amekuja kumsalimia, naye akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka na kitanda kikasogea. Bamba likakaa kimya mahali pake kwenye ule ubao mbovu.

"Lete miwani yangu," akamwambia binti yake.

Alilichunguza kwa muda mrefu. Daktari akampa skrubu moja ya akiba, na akaizungusha mbele ya macho, polepole. Hapo ndipo alipoona. Kichwa cha skrubu kilikuwa na uzi. Si shina tu, kichwa chenyewe. Na tundu la bamba nalo lilikuwa na uzi.

"Inajifunga kwenye chuma," akasema.

"Ndiyo, mama. Haitegemei kuuma mfupa. Skrubu zote na bamba vinakuwa kitu kimoja, na kila skrubu inaelekea upande wake. Ukitaka kung'oa moja, ung'oe zote kwa pamoja. Na haya matundu madogo ya pembeni, tunapitisha uzi mgumu, tunazifunga kano za bega ili nazo zisaidie kushikilia."

Mama Bawaba alipigwa na butwaa, na yeye hakuwa mtu wa butwaa. Kusema kweli aliona na aibu kidogo, ile ya mtu aliyepita mbele ya nyumba fulani maisha yake yote, leo ndiyo anagundua ina ghorofa. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. "Miaka hamsini na mitano," akamwambia Msumari, "na mimi na wewe tumekaa tukiwaza skrubu lazima iume mbao."

"Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe," akasema Msumari.

"Nyamaza." Kisha akamgeukia daktari kumjaribu. "Kwa nini usitie ndefu zaidi, upate uhakika?"

"Ikitoboa kichwa cha mfupa itasaga kiungo. Lazima ziishie ndani, milimita tano kabla ya ukingo."

Milimita tano! Mama Bawaba alimtazama kijana yule upya, toka viatu mpaka nywele. Mtu anayezungumza kwa milimita alikuwa mtu wa kwao. Akakubali, kwa sharti moja: asilazwe usingizi. Anataka kusikia. Daktari wa ganzi alipompima kifua akasema afadhali iwe hivyo, kwa kuwa unga wa mbao wa miaka yote ile ulikuwa umeyachosha mapafu yake. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto karatasi tatu: ya bamba, ya mfupa wa kujazia endapo utahitajika, na ya kiungo cha bandia endapo yote yatakwenda mrama. Hiyo ya tatu aliisaini kwa shingo upande, herufi zikaenda kombo.

Asubuhi ya upasuaji walimkalisha nusu ameegemea, wakamchoma sindano ya ganzi shingoni, na baada ya dakika chache mkono wa kulia ukamtoroka. Aliuona upo, ila haukuwa na habari naye. Wakasimamisha pazia la kijani kati ya uso na bega. Nesi akakaa kichwani pake, akamshika shavu na kumwambia akitaka chochote aseme.

Alichotaka ni watu wapunguze maneno. Nyuma ya pazia vyombo viligongana kwenye sinia, mashine ya picha ikalia na kunyamaza, na daktari akawa anataja vipimo kwa sauti yake ile ya chini. Kisha drili ikaanza. Hee! Usiombe kusikia drili ikiingia ndani ya mwili wako mwenyewe. Hakusikia maumivu, ila mtetemo ulimpanda mpaka kwenye meno, na akatambua mlio wake mara moja. Kwanza ikagusa kitu kigumu, muda wa kupepesa jicho. Halafu haikugusa kitu.

Drili ikasimama. Wakapiga picha. Wakaanza kunong'ona.

"Mwanangu," Mama Bawaba akasema. "Drili imeingia hewani."

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Usinifiche."

Daktari akasogea mpaka macho yake yakaonekana juu ya pazia. "Ndani limebaki ganda tu. Bamba litakaa, lakini kichwa cha mfupa hakina pa kuegemea. Kitaporomoka. Kiungo cha bandia kiko tayari hapa. Au nitie kipande cha mfupa katikati, kisimame ndani, skrubu zipite humo. Sikuhakikishii kwamba kitashika."

Moyo ulimdunda mpaka mashine iliyokuwa ikiuhesabu ikaanza kulalamika. Basi milango yake yote ilikuwa imefika hapo, kwenye tundu moja tupu ambalo hata yeye hakuwahi kuliona.

"Kigingi," akasema.

"Nini, mama?"

"Sisi tunakiita kigingi. Mbao ikioza ndani unachonga kijiti kigumu, unakitia gundi, unakigongomea tunduni, ndipo unarudisha skrubu."

Mtu mmoja nyuma ya pazia akacheka. "Basi ni kigingi, mama," akasema daktari. "Ila gundi hatuna. Mwili wako ndio utakaogundisha, polepole."

"Tia kigingi."

Kipande cha mfupa kilikuwa kimetolewa kwenye friji tangu alfajiri, kimelowekwa kwenye bakuli. Akasikia maji yakimwagwa, kisha msumeno mdogo. Na hapo Mama Bawaba akatega sikio. Msumeno ulikuwa unalia vingine kabisa. Ulilia juu, kwa ukali, kama unavyolia kwenye mbao iliyokomaa isiyo na dosari hata moja.

"Mfupa huo si wangu," akasema.

"Si wako, mama."

"Wa nani?"

Msumeno ukasimama. "Jina hatulijui. Ni mtu aliyefariki. Ndugu zake walikubali mifupa yake isaidie wengine."

"Mzee?"

Karatasi ikageuzwa. "Wameandika umri tu. Miaka ishirini na tisa."

Kuna watu wanaosema Mama Bawaba hajawahi kulia. Nesi yule anajua vingine, maana ndiye aliyemfuta machozi kwa pamba, mkono mmoja wa mgonjwa ukiwa na ganzi na mwingine umefungwa dripu. Ishirini na tisa! Binti yake alikuwa ameipita miaka hiyo akiwa mzima na mdomo juu. Mahali fulani kulikuwa na mama aliyekaa kwenye benchi la hospitali, siku ambayo hata jina lake mwenyewe hakulikumbuka vizuri, mtu akamjia na karatasi, akamuuliza swali lile, na akasema ndiyo. Mama Bawaba alijijua. Yeye angemfukuza mtu yule na karatasi yake. Akaona amekaa mbele ya kitu kikubwa mno, kikubwa kuliko bamba na ujanja wake wote, na hakuwa na neno la kukiitia.

Msumeno ukaanza tena.

"Simama!" akapaza sauti. "Umepima?"

"Nimepima, mama."

"Pima tena. Huyo hatuwezi kumrudia."

Na daktari akapima tena. Nesi alisimulia baadaye kwamba alipima kweli, hakujifanya, na wanafunzi wake wote wawili wakainama kusoma rula pamoja naye. Ndipo akakata.

Skrubu zilipoingia, zilipita kwenye ganda na kukuta kitu. Alizisikia zote nane zikifika na kujifunga, moja baada ya nyingine, akizihesabu.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuchosha watu. Mkono ulifungwa shingoni, na mazoezi ya mwanzo yalikuwa kuinama na kuuacha uning'inie, uzunguke kidogo kidogo, kazi ambayo Mama Bawaba aliiona ya kitoto na akaifanya bila kukosa. Alimeza dawa ya mifupa kila wiki, amesimama wima kama alivyoelekezwa. Alikaa kwenye kiti karakana na kumsimamia Msumari mpaka Msumari akamwomba binti amtafutie mama yake mahali pengine pa kupona. Lakini kitu kimoja kilikuwa kimebadilika, na Msumari ndiye aliyekiona. Mtu akimpita karibu, Mama Bawaba alilikinga lile bega kwa kiganja, jinsi unavyomkinga mtoto wa mwenzako uliyeachiwa.

Hofu haikumtoka. Daktari alishamwambia: kichwa kinaweza kuporomoka wiki ya tatu, ya sita, hata mwezi wa tatu. Kila picha alikwenda ameukaza mdomo. Wiki ya sita, kimesimama. Kwenye picha ile aliona ganda la mfupa wake, limefifia, na katikati mstari mweupe umesimama wima, na skrubu zimepita ndani yake. Alimwomba daktari asiizime taa. Akaiangalia mpaka mgonjwa aliyefuata akaanza kukohoa mlangoni.

Mwezi wa nne akaitwa kwa kipimo cha mwisho. Picha ilikuwa nzuri, mfupa umeungana na kile kipande, mpaka wake hauonekani tena vizuri. Kilichobaki ni mkono wenyewe. Binti alikuwepo, na Msumari pia, aliyesema amekuja kwa sababu alikuwa anapita tu.

"Inua mbele, mama," akasema daktari. "Polepole. Pale utakapokwama, usilazimishe."

Akainua. Mkono ukapita tumbo, ukapita kifua, na kifuani akasita, maana pale ndipo kitambaa kingemwacha. Ukapanda tena. Kwenye usawa wa bega ukaanza kutetemeka, akafumba macho, na ukaendelea. Ukafika paji la uso. Ukapita paji la uso. Vidole vikafunguka juu ya kichwa chake, vikasimama hapo.

"Mama!" binti akaita. Msumari akageukia dirisha akajifanya anakagua fremu.

Daktari aliandika kwenye faili, akasoma alichoandika, akakisoma tena. "Vizuri sana," akasema. "Inatosha, mama. Shusha sasa, usije ukachoka."

Mama Bawaba hakushusha. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi mbele ya watu wote wale.

"Nisubirini kidogo," akasema. "Kuna mama mwenzangu mahali, natamani angeona."

Mkono ukabaki juu, unatetemeka, na hakuna aliyemharakisha.